Shafti ya ekseli ya nyuma ya Hilux imelika: nichomelee au ninunue?

Mkulima_Vitunguu: Habari zenu wakuu. Nina Hilux ya dizeli, breki za nyuma ni za dramu, inabeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu. Tairi la nyuma kulia lilianza kuunguruma, sasa oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) inachuruzika mpaka kwenye rimu na breki upande huo haishiki. Fundi kafungua akakuta beringi imezungukia juu ya shafti hadi pamelika, ukipitisha kucha unagusa mfereji. Anashauri tuchomelee halafu mtu wa leizi, mashine ya kukereza chuma, aparudishe saizi. Shafti ya mtumba ipo ila bei iko juu. Naombeni ushauri, gari hii ndiyo inalisha nyumba.

Fundi_Difu: Mkuu, usichomelee hiyo kitu. Shafti ya Hilux haizungushi tairi tu, inabeba na uzito wa gari upande ule. Chuma chake kimetiwa ugumu kiwandani kwa moto. Ukichomelea ugumu unaharibika na ufa unaanzia pembeni ya weldi. Ikikatika nje ya beringi, tairi linaondoka na dramu yake, hapo huna gari wala breki ya nyuma. Kwenye malori mengi hubu, pale tairi linapofungwa, ina beringi zake juu ya ganda la nje la ekseli, shafti ikikatika tairi linabaki. Yako siyo hivyo. Sasa fikiria itokee kwenye mteremko ukiwa na magunia nyuma.

Mama_Spea: Nunua mtumba, lakini nenda na ya zamani mkononi. Linganisha urefu, hesabu meno ya ncha inayoingia kwenye difu, angalia matundu ya bolti za tairi. Kama gari ina ABS (mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki), angalia na ile ringi yake kwenye shafti. Izungushe kwenye leizi uone kama imepinda.

Mkulima_Vitunguu: Asanteni sana. Beringi yangu bado nzima kiasi, nihamishie kwenye shafti mpya?

Fundi_Difu: Hapana kaka. Beringi ikishang'olewa kwa presi, ile mashine ya kukandamiza, haifai tena, nunua mpya na sili mpya, ule mpira unaozuia oili isitoke. Ipigwe kwa presi, siyo nyundo, na presi isukume ringi ya ndani. Wakati wa kurudisha, shafti iingie imenyooka, meno yasikwaruze mdomo wa sili.

Dereva_wa_Vumbi: Hakuna aliyegusa kipumulio cha difu, ile kofia ndogo juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, difu ikipata moto hewa inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Utabadilisha sili kila mara bila kujua. Kizibue kabla hujafunga chochote.

Mkulima_Vitunguu: Kweli kimejaa tope gumu! Na breki shuu, zile zinazosugua dramu, zilizolowa oili, nikiziosha kwa petroli?

Fundi_Difu: Tupa. Petroli inasafisha juu tu, zikipata moto oili inatoka ndani. Badilisha pande zote mbili, la sivyo gari itavuta upande mmoja. Halafu toa hewa kwenye breki, na ujaze oili ya difu mpaka ifike usawa wa tundu la kujazia.