Mazoezi na utulivu wa akili: tupeane uzoefu

Mkazi wa Naguru, Kampala
Ndugu zangu, naanza mimi. Mwaka juzi niliachishwa kazi ya uhasibu. Miezi minne mfululizo nilikuwa nashtuka saa tisa usiku, moyo unadunda, nahesabu ada za watoto. Jirani yangu, afande mstaafu, akaanza kunigongea dirisha alfajiri: "Kijana, twende tupande mlima." Wiki ya kwanza nilimchukia kabisa. Wiki ya tatu nikalala hadi adhana ya alfajiri. Kazi bado sikuwa nayo na madeni yalikuwa yale yale, ila niliweza kuketi nikaandika barua ya maombi bila mikono kutetemeka. Wenzangu, kwenu ilikuwaje?

Mama Muuza Vitenge, Busia
Mimi nilifiwa na mume. Nikawa nasahau chenji za wateja, nasahau hata chungu jikoni. Jimu sina, raba sina. Niliacha tu kupanda boda kwenda sokoni, nikawa natembea na jirani yangu, dakika arobaini, na ndala zangu. Nyumbani watoto wananitazama, dukani wateja wananitazama. Njiani ndipo nilipolia hadi nikamaliza. Sasa chenji nahesabu mwenyewe, sikosei.

Muuguzi, Mbale
Pole sana mama. Hilo la kusahau lina maelezo yake. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, inayotunza kumbukumbu, nayo husinyaa kadiri umri unavyosonga. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2011 ulifuata wazee 120 kwa mwaka mzima. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, hipokampasi yao iliongezeka kwa asilimia 2. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu, yao ilipungua. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Nawasihi lakini: aliyeandikiwa dawa za msongo asiziache kwa sababu ameanza kukimbia. Vyote viwili vinakwenda pamoja.

Dereva wa boda, Jinja
Sisi tunashinda tumekaa kwenye pikipiki, watu wanadhani ni mazoezi. Jioni tukicheza mpira nafika nyumbani sina hasira na mtu. Mke wangu ndiye aliyegundua kabla yangu.

Mwalimu, Kapchorwa
Huku ni kwa Cheptegei, yule bingwa wa mbio ndefu, kila mtoto anakimbia, nami nikadhani nikikimbia sana nitayakimbia mawazo. Kilomita kumi na tano kila siku, hata nikiumwa. Goti likavimba, nikakaa ndani mwezi mzima, na huzuni ikarudi imeongezeka. Sasa nakwenda mara nne kwa wiki, mwendo ninaoweza kuongea na mtu. Huo ndio ulionisaidia.

Mkazi wa Naguru, Kampala
Mwalimu, asante kwa kusema ukweli huo. Mama wa Busia, mnaondoka saa ngapi? Dada yangu anaishi huko, amefiwa mwezi uliopita na hatoki nje.

Mama Muuza Vitenge, Busia
Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nitumie ujumbe pembeni, nitampitia mwenyewe mlangoni kwake. Mwambie asihangaike kutafuta viatu.