Tangi la samaki lenye sura ya asili: gogo na mimea, mawe, au mchanga na makome?

Kioo_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Nimepata tangi la lita 120, liko sebuleni. Sitaki majumba ya plastiki wala maua ya rangi kali. Nataka mgeni akikaa aone kama amechungulia ziwani. Nimekwama kati ya njia tatu: gogo na mimea hai, mawe yaliyopangwa, au mchanga mtupu na makome ya konokono. Samaki sijanunua, ila moyo uko kwa mbuna wa njano, wale samaki wa majabali ya Ziwa Nyasa. Naomba mnilinganishie.

Mnyasa_wa_Kyela
Mkuu, ukishataja mbuna umeshachagua mawe. Nimekulia kando ya Ziwa Nyasa na nimewaona makwao: majabali matupu, samaki wanakwangua ukoga juu yake, wakishtuka wanajichomeka kwenye nyufa. Maji yale pH yake, yaani kipimo cha uchachu (ikishuka maji yanachachuka zaidi), ni kama 7.7 hadi 8.6. Gogo linavuta kinyume, linashusha pH na kuyapaka maji rangi ya chai.

Ila sikiliza hili. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo umwage mchanga. Mbuna anachimba. Mimi nilitanguliza mchanga, wakachimbua chini ya jiwe kubwa, likaanguka usiku na kupasua kioo. Nilipoteza samaki kumi na mmoja. Siku hizi natandika kwanza kipande cha povu jembamba chini ya mawe.

Mama_Neoni
Kaka, mbuna ni wazuri lakini usifunge mlango mapema. Tangi langu lina tawi la mpera lililokauka kabisa. Nililichemsha, nikaliloweka wiki mbili huku nikibadilisha maji mpaka likazama lenyewe. Nimefungia anubiasi juu yake kwa uzi. Mmea huu asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, hautaki mwanga mkali. Shina lake lisifukiwe, litaoza. Ndani nina neoni tetra, samaki wa mito ya Amazon, na hiyo rangi ya chai ndiyo maji yao ya nyumbani. Maficho ni vifuu vya nazi nilivyovichemsha. Jioni taa ikiwaka, watoto wangu wanasahau runinga.

Kwa utulivu wa macho, mimea haina mpinzani. Na inanyonya naitreti, ile mbolea inayotokana na kinyesi cha samaki, kwa hiyo ukoga unapungua.

Ujiji_Kwetu
Dada hapo juu amesema vyema, ila njia ya tatu msiipite haraka. Ziwa Tanganyika lina samaki wanaoishi ndani ya makome ya konokono, wanazaa humohumo. *Neolamprologus multifasciatus* hafiki hata sentimita 5. Mchanga laini, makome ishirini hivi, basi. Watahamisha mchanga wenyewe mpaka kila mmoja awe na uwanja wake. Ukitazama mwezi mmoja utakuta mandhari si ile uliyoipanga. Kwangu huo ndio uasili wenyewe, na kwa lita 120 wanapata nafasi ya kutosha. Kuwapata Dar ndiyo kazi.

Fundi_Vioo
Naongeza ya kiufundi. Lita 120 ni kilo 120 za maji tu, bado kioo, mawe na mchanga. Meza ya runinga haifai.

Mawe ya matumbawe ya huku pwani ni chokaa. Dondoshea siki: likitoa mapovu, litapandisha pH. Kwa mbuna halina tatizo, kwa neoni za dada litawaumiza. Tumia vipande vya nchi kavu. Matumbawe hai yaachwe baharini. Mawe usiyachemshe, yanaweza kupasuka; sugua kwa brashi na maji ya moto. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya makome, chukua wa mto uuoshe mpaka maji yatoke meupe. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima na pampu ya hewa, klorini itoke.

Kioo_Tabata
Nawashukuru sana. Nimejaribu siki kwenye mawe niliyokuwa nayo uani, yametoa mapovu. Basi ni mawe na mbuna. Mama_Neoni, anubiasi nikiifunga kwenye jiwe, mbuna wataiacha?

Mama_Neoni
Majani yake ni magumu, wengi wanaionja wanaiacha. Anza na shina moja, kaka. Likimaliza mwezi, njoo nikukatie lingine.