Tupeane uzoefu: muvi uliyoiangalia karibuni ikakugusa mpaka ukanyamaza

Mkaa Baraza
Wakuu, salaam. Juzi nilipanda basi la Dar kwenda Tanga, kondakta akaweka vichekesho vya King Majuto na Sharo Milionea. Basi zima tunacheka, mama mmoja aliyempakata mtoto anafuta machozi kwa kanga. Tulipoingia Muheza, mzee wa siti ya mbele yangu akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu kijana ajali ilimkuta huku huku." Basi likapoa. Kwenye skrini Sharo bado anatembea ule mwendo wake wa kisharobaro, na hakuna anayecheka tena. Yeye alituacha Novemba 2012, mzee Majuto akamfuata Agosti 2018. Nimewacheka watu hawa miaka yote, sikuwahi kukaa nikawaza kwamba wote wawili hawapo.

Naomba tupeane uzoefu. Umeangalia nini siku hizi, ya kuchekesha au ya kuliza, na ilikukuta wapi? Useme na ulikuwa na nani.

Bint Chumbageni
Majuto hana mrithi. Akikunja uso tu umeshacheka, hajasema neno.

Kalamu Nyekundu
Tumheshimu marehemu, lakini vile ni vichekesho, sio filamu. Wiki iliyopita nimeangalia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa tamasha la Toronto mwaka 2021. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin kaozwa mtu mzima aliyemzidi sana umri, anatoroka, anakutana na Denge na harakati zake za uhuru. Kuta za Mji Mkongwe zimepigwa picha mpaka unatamani kuzigusa. Nilikuwa peke yangu, taa nimezima, na ilipoisha sikuwasha. Hiyo ndiyo filamu.

Mwalimu wa Zamu
Kitabu cha Adam Shafi, kile filamu hiyo ilikotoka, nilikisoma kidato cha 5, nikakifundisha baadaye. Filamu imeacha mengi. Wanafunzi wangu walioiona bila kusoma hawamjui Denge, wanajua sura yake tu.

Kalamu Nyekundu
Filamu sio muhtasari wa kitabu, mwalimu. Mnataka kila ukurasa uonekane?

Mwalimu wa Zamu
Sitaki kila ukurasa. Nataka ule utani wa baraza, maana Shafi anajua kuchekesha katikati ya shida. Filamu imenuna mno.

Pwani Raha
Nyie wawili fungueni uzi wenu.

Msafiri wa Machakos
Mimi niko Kenya. Mwezi huu nimerudia Nairobi Half Life, ile ya 2012 ya Tosh Gitonga. Mwas anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, siku ya kwanza tu mjini anaporwa kila kitu, halafu anashikwa na askari wa jiji na kutupwa rumande. Watu husema ni muvi ya wezi. Kwangu ni kumbukumbu. Nilishuka River Road mwaka 2009 na begi la shangazi, ndani kuna vyeti na kuku wawili wa kupelekea mwenyeji wangu. Jamaa mmoja akanisaidia kubeba. Hatua kumi hivi, akaingia katikati ya watu, basi. Kuku niliwasikia wakilia ndani ya ule umati hata baada ya begi kupotea machoni. Niliiangalia na kijana wangu wa miaka 15. Pale Mwas anapolazimishwa kusafisha vyoo vya rumande, kijana alicheka, maana ile sehemu inachekesha kweli. Mimi nikatoka nje. Vyeti nimevitafuta miaka 3.

Pwani Raha
Pole sana ndugu yangu.

Bint Chumbageni
Kuku wameniuma kuliko vyeti, Mungu anisamehe.

Mtoto wa Korogwe
Naomba niandike kirefu, mnivumilie. Jumapili mpwa wangu alikuja na flashi yenye Baghban, ile ya Amitabh Bachchan na Hema Malini. Baba kastaafu, wana watoto 4 wa kiume, wanataka sasa wakae na watoto. Watoto wanafanya kikao, hakuna anayekubali kuwachukua wote wawili, wanaamua kuwagawa: baba kwa huyu, mama kwa yule, miezi 6 wanabadilishana. Mama yangu ana miaka 71. Kihindi hajui, lakini sinema za Kihindi ameziangalia tangu msichana, haoni haja ya kutafsiriwa.

Sasa, kikao kama kile na sisi tulikifanya mwaka juzi. Mama ana kisukari, kidonda cha mguu kiligoma kupona, tukasema aje kwangu Mbagala awe karibu na kliniki. Baba abaki Korogwe kwa kaka, maana kwangu vyumba ni 2. Tulitoka pale tukipongezana. Wao wenyewe hatukuwauliza.

Ikafika pale mzee anachapa taipureta usiku, watu wa nyumbani wanamjia juu kwa kelele. Mama akasema, "Mwacheni mzee wa watu." Ikafika wanaongea kwa simu, mmoja huku mwingine kule. Mama akachukua rimoti akazima sauti. Picha inaendelea, midomo inacheza, kinachosikika ni feni tu. Akasema bila kunitazama, "Na sisi mlitugawa hivi hivi."

Nilikosa neno. Mke wangu akainuka akaenda jikoni. Mama akaniambia niinue godoro lake. Chini kuna misuli 3 ya kiume, bado kwenye mifuko yake ya nailoni. Amekuwa akinunua mmoja mmoja kwa hela ninayompa ya vocha ampigie baba. Kumbe hampigii. Anasema akisikia sauti yake usiku halali, afadhali amnunulie kitu.

Tangu Jumapili nikirudi kazini nakaa nje kwanza. Nifanyeje?

Pwani Raha
Mpeleke kesho. Usingoje mshahara.

Dawa ya Jirani
Usimpeleke! Kidonda cha kisukari sio cha kuchezea. Nimemuuguza baba yangu, tuliruka kliniki miezi 2 tu, wakakata mguu juu ya goti. Mzee ndiye aje Mbagala.

Pwani Raha
Akae wapi? Vyumba 2 na watoto.

Bint Chumbageni
Watoto wahamie sebuleni. Sisi tulilala sita kwenye mkeka mmoja Chumbageni na hakuna aliyekufa. Nunua kitanda cha tano kwa sita, wazee waachieni chumba, na mkibisha mlango ngojeni kuitikiwa.

Kalamu Nyekundu
Jamani, punguzeni kumtia hatia. Amemleta mama kwenye matibabu, analisha, anauguza. Wangapi hapa wanafanya hivyo? Ile sinema inawafanya watoto wote kuwa mashetani, na maisha hayako hivyo.

Dawa ya Jirani
Hakuna aliyemuita shetani.

Mzee wa Sinema
Samahani, Baghban ni ya 2003. Mada inasema muvi za karibuni.

Mkaa Baraza
Mada ni yangu mimi. Inasema uliyoiangalia karibuni, naye ameiangalia Jumapili. Mwache.

Msafiri wa Machakos
Ndugu wa Korogwe, baba yako umemuuliza anachotaka? Hapa tunampangia kikao cha tatu.

Mtoto wa Korogwe
Sijamuuliza. Umenishika.

Mwalimu wa Zamu
Nirudi kwenye uzoefu, maana na mimi nina langu. Likizo nimeangalia Taare Zameen Par ya Aamir Khan. Mtoto wa miaka 8 herufi zinamchezea machoni, nyumbani wanamwona mvivu, anapelekwa bweni, mpaka mwalimu wa kuchora anagundua ana tatizo la kusoma. Niliisimamisha katikati. Mwaka wangu wa kwanza kazini kulikuwa na binti aliyeandika "dada" kama "baba", kila siku, daftari zima. Nilimchapa kwa lile neno. Alikuwa ananyoosha mkono kabla sijamuita, ameshazoea. Binti yule aliacha shule darasa la 5. Kuna hatua wanatufundisha sasa, za kumpa mtoto wa namna hiyo herufi za mchanga, za kushika kwa vidole. Wakati ule sikuzijua, ila macho nilikuwa nayo.

Bint Chumbageni
Mwalimu, mtafute. Tanzania sio kubwa hivyo.

Kalamu Nyekundu
Nimekusoma, mwalimu. Yale ya Denge tuyaache.

Mtoto wa Korogwe
Nimempigia baba leo mchana, yeye mwenyewe, bila kupitia kwa kaka. Nikamuuliza anataka kukaa wapi. Alinyamaza nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Mama yako mguu umekauka?" Nikamwambia bado kidogo. Akasema, "Basi nakuja mimi. Nitalala hata ukumbini." Kaka amekasirika, anasema tungengoja tuongee mwisho wa mwezi. Mama alikuwa jikoni, amesikia yote. Sasa hivi ameitoa misuli kwenye nailoni, anaifua.