Superkondakta hufukuza sumaku, iweje hii izae ya kwake?

mwl_ligula
Habari za jioni wanafizikia. Nafundisha kidato cha sita hapa Mtwara mjini. Juzi nilieleza walichokiona Meissner na Ochsenfeld mwaka 1933: superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote, ikishapoa vya kutosha, husukuma uga wa sumaku utoke mwilini mwake. Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Haiwezi kuwa na sumaku yake yenyewe?" Nikamjibu haiwezekani. Usiku nikasoma kuhusu strontiamu rutheneti, nikakuta eti inawezekana, na kwamba "inavunja ulinganifu wa kugeuza wakati". Keshokutwa naingia darasani na sitaki kumpa jibu la kubahatisha. Huo "wakati" unaingiaje hapo?

binti_mikindani
Shikamoo mwalimu. Chukua msumari uliozungushiwa waya wenye umeme, weka dira pembeni. Sasa fikiria kila elektroni inarudi ilikotoka, kama video inayochezwa kinyumenyume. Mkondo unazunguka upande wa pili, ncha ya kaskazini inakuwa kusini. Ndiyo maana sumaku na video yake ya kinyume ni vitu viwili tofauti.

Superkondakta za kawaida kama risasi au zebaki hazina tatizo hilo. Ndani yake elektroni hutembea jozi jozi, na kwenye kila jozi spini (ile hali ya elektroni kuwa kama sumaku ndogo) moja iko juu na nyingine chini. Ukigeuza wakati zinabadilishana tu, jozi inabaki ileile. Lakini kuna jozi zinazoweza kuzunguka, kulia au kushoto. Ni kama duara la ngoma: pande zote mbili ni sawa, ila mguu wa kwanza ukishakwenda, wote wanafuata. Hapo ulinganifu umevunjika. Na sehemu ya jirani ya kipande kilekile inaweza kuwa imechagua upande mwingine, kwa hiyo ukipima kwa nje sumaku zinafutana.

wa_lindi_huyu
Dada amesema vyema. Naongeza jinsi ilivyopimwa, maana hapo ndipo panaponifurahisha.

Strontiamu rutheneti iligunduliwa kuwa superkondakta mwaka 1994 na kundi la Yoshiteru Maeno, chini ya kelvini 1.5 hivi. Mwaka 1998 Graeme Luke na wenzake wakaipiga muoni, chembe ndogo kama elektroni lakini nzito zaidi. Muoni huishi wastani wa sehemu 2.2 za milioni moja ya sekunde, kisha hutoa positroni (elektroni yenye chaji chanya) ambayo hupendelea kwenda upande ilikoelekea spini ya muoni. Ni dira ndogo inayokaa ndani kabisa. Bila sumaku yoyote kuwekwa nje, spini zilianza kupoteza mwelekeo haraka zaidi mara tu hali ya superkondakta ilipoanza. Uga ulikadiriwa gausi 0.5, unakaribia ule wa dunia unaogeuza dira ya jahazi. Mwaka 2006 kundi la Stanford likaona mwelekeo wa mtetemo wa nuru inayoakisiwa ukizunguka kidogo sana, dalili ileile.

Lakini mwalimu, usiwaambie kwamba yamekwisha. Waliotafuta mikondo ya ukingoni, ambayo jozi zinazozunguka zingepaswa kuizaa, kwa kupitisha kipimo cha sumaku juu ya uso hawakuiona. Mwaka 2019 vipimo vipya vya kiini cha atomu vilionyesha kwamba vile vya zamani vilikuwa vimepasha sampuli joto, na picha ya jozi zenye spini sambamba ikaanguka. Aina ya jozi bado inabishaniwa.

Na hukukosea yote. Meissner bado anatawala: mikondo hiyo hujificha kwenye kasoro na mipakani, na sehemu nyingine ya mwili huizima.

mwl_ligula
Ahsanteni sana, nimeshika. Nitamwita yule binti mbele ashike msumari mwenyewe, na nitawaambia wote kwamba nilimjibu vibaya. Dira nimeazima kwa nahodha mmoja wa Shangani, anaitaka kabla hajaenda baharini Ijumaa alfajiri.