Naomba ushauri: nikubali cheo cha uratibu au niombe kurudi kwenye kanzidata?

Habari zenu ndugu. Mimi ni mwanamke, mhitimu wa sayansi ya kompyuta, nimeajiriwa hapa Dodoma katika ofisi ambayo nilikuwa ninatunza kanzidata (hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta) na kuandika programu za seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia nyingine. Nilipokwenda likizo ya uzazi, zile siku 84 zilizomo katika Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004, majukumu yangu alikabidhiwa mwenzangu wa kiume, jambo ambalo sikuliona baya. Lakini tangu nirejee sijapewa tena nywila za seva, na badala yake ninapangiwa kuandika mihtasari ya vikao na kufundisha watumiaji wapya.

Sasa nimeahidiwa cheo cha uratibu wa miradi chenye posho nzuri na safari nyingi za Dar es Salaam (mtoto bado ananyonya, lakini hilo hakuna aliyeliuliza). Hofu yangu ni kwamba katika fani hii ujuzi usiotumika huchakaa upesi, na waajiri humpima mwombaji kwa kazi alizozifanya karibuni.

Mliopitia hali hii, hasa kina mama, je, niandike barua ya kuomba majukumu yangu kabla ya kukijibu cheo hicho? Na yupo aliyekubali uratibu kisha akafanikiwa kurudi kwenye kuandika programu?