Nakwenda Mlimani kutoka Makambako: nibebe nini, niache nini?

Binti_Makambako
Shikamooni wakubwa. Nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya sayansi na ualimu, Kemia na Bayolojia. Nimetoka JKT juzijuzi na Dar sijawahi kufika. Mama ameshatoa tranka langu la sekondari, kaweka mablanketi mawili mazito, masweta, ndoo, na anataka kuongeza kiroba cha viazi. Kaka anasema niende na begi moja tu, vingine vyote vipo huko. Mkopo nimepata, ila sijui hela inatoka lini. Cha lazima ni kipi? Na laptopu niwe nayo tangu siku ya kwanza?

Dada_wa_Vimbweta
Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Mimi nilitokea Songea, nikasoma ualimu hapohapo Mlimani, sasa nafundisha.

Anza na bahasha, begi baadaye. Weka barua ya udahili, cheti halisi cha kidato cha nne, cha sita kama shule imeshakipokea, cheti cha kuzaliwa, fomu ya afya iliyojazwa na kugongwa muhuri hospitali, risiti za benki, picha za pasipoti, namba ya NIDA na kadi ya bima kama unayo. Toa kopi nyingi hukohuko Makambako, maana wiki ya usajili foleni za kopi chuoni haziishi na kila dirisha linataka seti yake. Kila karatasi ipige picha kwa simu, ujitumie kwenye barua pepe. Halafu bahasha hiyo isiingie kwenye buti la basi. Shika mwenyewe mpaka stendi ya Mbezi, Dar. Niliyekaa naye chumba kimoja, begi lake lilishushwa njiani na abiria mwingine, vyeti vyote vikiwa ndani. Wenzake tumeshaanza vipindi, yeye bado anazunguka polisi na kwenye maofisi.

Sasa hela. Bumu, yaani ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini halikusubiri getini. Mpaka usajili ukamilike, akaunti ya benki iwe sawa, jina lionekane kwenye orodha, usaini. Katikati ya hapo unakula, unapanda daladala, pengine unalipia chumba. Ndiyo maana nakuomba uongee na mama kwa heshima: hivyo viazi aviuze hukohuko, akupe hela yake. Kupika chumbani hairuhusiwi, na chini ya kitanda cha deka ndipo mnapoweka kila kitu, wewe na mwenzako wa juu.

Chumba chenyewe usikihesabu kabla hujapangiwa. Hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na bado wengi wanapanga Sinza, Changanyikeni, Ubungo. Omba mapema kwenye akaunti yako ya chuo, na uwe na namba ya ndugu au mtu wa kanisani kwenu atakayekupokea usiku wa kwanza.

Mablanketi yote yabaki. Mwezi wa kumi na moja Dar utajifunika khanga, na hiyo nayo utaitupa pembeni ikifika saa nane usiku. Beba shuka jozi mbili, khanga mbili na sweta moja la ndani ya basi. Chandarua chukua cha pembe nne, kile cha duara hakina pa kuning'inia ukilala chini. Mbu wa Dar si wa kuchezea, hasa kwa sisi tuliotoka kwenye baridi. Mwavuli ni muhimu, vuli itakukuta. Viatu viwe vya chini, vilivyokwisha kuzoea mguu wako, maana kutoka mabwenini kwenda Yombo kwenye kumbi za mihadhara, kisha majengo ya Sayansi, ni kupanda na kushuka kutwa nzima. Ndoo na beseni utanunua ukifika.

Koti la maabara usinunue jipya. Waulize wanaomaliza, wanayauza au wanayagawa.

Baba_wa_Wanne
Binti, mama yako asivunjwe moyo. Mimi nimepeleka watoto wawili chuo na kila mmoja niliondoka naye na karanga za kukaanga, unga wa lishe na asali. Mtoto akichelewa kutoka maktaba anakoroga uji kwa maji ya moto ya chupa. Viazi sawa viachwe, ila usiende mikono mitupu.

Laptopu nunua kabla. Kazi zinachapwa, za kuandika kwa mkono hazipokelewi.

Dada_wa_Vimbweta
Baba shikamoo. Karanga na unga nakubali kabisa, mimi nani hata nikatae. Laptopu ndiyo tunatofautiana. Wiki za kwanza ni usajili na kutafuta vyumba vya vipindi, na kazi za mwanzo anaweza kuchapa kwenye maabara ya kompyuta au stesheneri. Akinunua kwa haraka, hela ya akiba inakwisha kabla bumu halijatoka. Asubiri, apate mwenyeji wa kwenda naye Kariakoo, awashe mashine palepale, aangalie betri inakaa muda gani, adai risiti yenye dhamana.

Yombo_Mwaka_wa_Tatu
Ongezeni kufuli mbili imara na ekstensheni. Soketi chumbani ni chache kuliko simu zetu.

Binti_Makambako
Asanteni mno. Nimemsomea mama, amekubali kuuza viazi, ila blanketi moja kagoma. Basi linaondoka alfajiri, linafika Mbezi jioni. Nikishuka naelekea wapi?

Dada_wa_Vimbweta
Blanketi la mama chukua, lifanye la kulalia. Ukishuka jioni usiende chuoni, ofisi zimefungwa. Mwenyeji wako akufuate ndani ya stendi, na kabla hujaondoka nyumbani mtumiane picha ili mtambuane. Wapo watu watakaokuita "fresha", yaani mwanafunzi mgeni, na kushika begi lako kabla hujawajibu. Sema asante, endelea kutembea. Kesho yake fika chuoni saa mbili kasoro asubuhi, umeshakunywa chai.