Printa ya picha inagonga ukuta na kupiga kelele, nianzie wapi?

Mpigapicha wa Kihonda

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada, hasa wenye studio na mafundi wa printa.

Nina printa ya picha ya wino, ile ya rangi sita yenye matangi pembeni. Niliinunua mtumba na imenilisha kwa miaka, kazi zake kubwa ni pasipoti saizi na picha za 4x6. Sasa imezeeka. Nikiiwasha, kile kibebeo cha hedi (hedi ndiyo inayonyunyiza wino) kinakimbia kushoto kwa kasi, kinagonga ukuta TA!, kisha krrrr, taa zote zinaanza kuwakawaka. Nikizima na kuwasha tena, siku nyingine inakubali. Ikikubali, picha inatoka na kivuli: ukingo wa uso unaonekana mara mbili, na kola ya shati inakuwa kama zimevaliwa mbili. Juu ya hapo, karatasi ya kawaida inavuta vizuri lakini ya glosi, ile ya picha inayong'aa, inagoma, na wino wa siani nyepesi (ile buluu hafifu) unakatikakatika, kwa hiyo ngozi za watu zinatoka nyekundu.

Fundi niliyempelekea aliiangalia kwa macho tu akasema hedi imekufa. Bei ya hedi aliyonitajia inakaribia printa nyingine ya mtumba. Kabla sijatoa hela, ni kweli hedi inaweza kuleta haya yote?

Bwana Tochi

Pole mkuu. Tupa hiyo, nunua mpya. Printa ikianza kugonga haijawahi kupona.

Fundi Bisibisi

Usitupe, na hedi usinunue kwanza. Hedi haigongi ukuta. Hedi inatoa wino tu. Kinachogonga ni kibebeo, na kibebeo kinagonga kwa sababu hakijui kiko wapi.

Fungua mfuniko, washa tochi ya simu, angalia nyuma ya kibebeo. Utaona utepe mwembamba wa plastiki unaopita kutoka ukuta wa kushoto hadi wa kulia. Ukiutazama kwa haraka utadhani ni kijivu kitupu, ila una mistari midogo sana iliyosongamana. Nyuma ya kibebeo kuna sensa inayoukumbatia huo utepe: upande mmoja inamulika, upande wa pili inahesabu mistari. Hiyo hesabu ndiyo inayoiambia bodi, ile sakiti inayoiongoza printa, hedi imefika wapi. Pakiwa na grisi au wino kwenye utepe, hesabu inapotea. Bodi inaamini kibebeo bado kiko katikati, inaendelea kuisukuma mota, mwisho wake ni hiyo TA yako.

Na hicho kivuli nakihisi ni ugonjwa uleule. Printa inachapa ikienda na inachapa ikirudi. Hesabu ikiyumba kidogo, nukta za kwenda na za kurudi hazikutani. Jaribu hivi: kwenye mipangilio ya kuchapa, ondoa alama ya kasi kubwa ili ichape upande mmoja tu. Kivuli kikiondoka, hedi yako haina kosa hapo.

Sikiliza pia namna inavyolia, maana kila ugonjwa una sauti yake. Ikienda kwa kasi na kugonga, shuku utepe au sensa. Ikienda polepole kwa kujikokota halafu ikakwama, kuna kitu kinazuia: kipande cha karatasi, sarafu, mpira wa wino uliojikunja, au grisi iliyokauka kwenye reli. Ikikaa kimya kabisa bila kutikisika, hapo ni mota au bodi. Na kama inalia wakati kibebeo kimetulia kulia, achana na reli, angalia gia za pampu na za rola.

Dada Glosi

Mimi nina studio, nichangie la karatasi. Inayovuta karatasi ya kawaida na kugomea glosi mara nyingi rola zake zimekuwa laini na zimeshika vumbi la karatasi. Glosi ni nzito na inateleza, inahitaji mpira wenye mshiko. Chomoa umeme, lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa maji kidogo, kamua, futa rola huku ukizungusha gia kwa mkono mpaka mzunguko mzima ukamilike. Spiriti usiizoee kwenye mpira, inaukausha.

Tena usijaze karatasi nyingi. Na pakiti ikifunguliwa ifungwe, glosi ikinyonya unyevu zinashikana, inavuta mbili au haivuti kabisa. Msimu wa mvua mimi nazipepeta kabla ya kuziweka.

Kijana wa Stationery

Utepe pitisha spiriti au tina tu kaka, unang'aa dakika moja.

Fundi Bisibisi

Hapana, hapana! Tina inafuta ile mistari, na spiriti kali nayo inaweza. Mistari ikifutika utatafuta utepe mpya wa urefu uleule. Tumia kitambaa laini chenye maji, grisi ikigoma weka tone la sabuni ya vyombo, kisha pitisha kitambaa chenye maji matupu na kikavu. Futa ukiwa umeushika kwa vidole viwili, taratibu, upande mmoja. Usiuvute kwa nguvu, kwa kawaida umeshikiliwa na ndoano upande mmoja na springi upande wa pili. Ukichomoka, hakikisha unaporudi unapita NDANI ya tundu la sensa, si nyuma yake. Wengi wanaurudisha nyuma ya kibebeo, printa inagonga kuliko mwanzo, halafu wanaleta kwetu wakisema bodi imeungua.

Kibebeo kikiwa kimejifunga kulia hakisogei kwa mkono, usikilazimishe. Washa printa, kikianza kutembea chomoa waya ukutani, hapo kitakuwa huru. Kisukume polepole mwanzo hadi mwisho. Kinatakiwa kiende kwa uzito mmoja. Kikiwa kizito sehemu moja, hapo ndipo pa kutazama.

Reli ifute grisi nyeusi ya zamani, paka nyeupe mpya kidogo mno. Ile dawa ya kupuliza ya kulegezea nati zenye kutu usiisogeze humo. Inayeyusha grisi, inarukia utepe, na baada ya muda reli inabaki kavu.

Mpigapicha wa Kihonda

Asanteni sana. Nimefungua. Utepe upande wa kushoto una doa la kahawia, grisi imechanganyika na wino, upana kama wa kidole. Nimesafisha kwa maji na sabuni. Nikakuta pia mipira ya wino imetoka kwenye kishikizo chake, kibebeo kikifika kushoto kabisa inajikunja na kukivuta. Nimeirudisha.

Kugonga kumekwisha! Nimepanga upya hedi kwenye kompyuta, kivuli hakipo hata kwa kasi kubwa. Rola nimefuta kama dada alivyosema, glosi inaingia nikiweka chache. Imebaki siani nyepesi. Nimeisafisha hedi kwa kompyuta mara kwa mara, inarudi kidogo kisha inapotea.

Fundi Bisibisi

Acha kwanza kusafisha kwa kompyuta. Kila usafishaji unanyonya wino wa rangi zote sita na kuumwaga kwenye sponji za chini. Unamaliza wino na kujaza sponji kwa pamoja.

Kipime kikalio, pale kulia hedi inapolala. Kuna kiboksi chenye mdomo wa mpira na sponji ndani. Sogeza kibebeo kushoto, jaza kile kiboksi maji safi kwa bomba la sindano, rudisha, agiza usafishaji mmoja tu, kisha angalia. Maji yakiwa yamekwisha, pampu inavuta, na shida iko kwenye hedi au kwenye mpira wa rangi hiyo. Yakibaki, pampu haivuti, na hedi unaionea bure.

Maji yawe ya betri, yale ya kuongezea. Soma chupa vizuri, wanauza na asidi jirani yake.

Dada Glosi

Na umeme unauzimaje? Ukizimia ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi haijarudi kwenye kikalio, wino unakaukia mdomoni. Zima kwa kitufe chake, subiri ijifunge, ndipo uzime soketi. Umeme ukikatika na ukarudi, iwashe hata kama huna kazi, ijifunike.

Mpigapicha wa Kihonda

Maji hayakushuka hata kidogo. Nimechungulia chini ya kikalio, kuna kampira kamechomoka kwenye chuchu yake. Nimekarudisha kwa kibano, nikafuta ule mdomo wa mpira uliokuwa na ugumu wa wino mkavu. Sasa maji yanavutwa. Karatasi ya majaribio rangi tano zimekamilika, siani nyepesi ina mapengo mawili madogo.

Fundi Bisibisi

Safi. Sasa weka matone machache ya maji ya betri kwenye kikalio, hedi ilale juu yake usiku kucha, asubuhi safisha mara moja. Yakibaki mapengo, chapa ukurasa wa siani nyepesi tupu badala ya kurudia usafishaji. Ule usafishaji mkubwa unaovuta wino wa mipira yote uwe wa mwisho kabisa, na matangi yasiwe chini ya theluthi moja, la sivyo utavuta hewa.

Ukiamua kuitoa hedi uioshe, waya wake bapa ukilowa na ukawasha umeme, unaunguza hedi na bodi pamoja. Ukauke kwanza, kabisa.

Kijana wa Stationery

Fundi, nichomekee langu. Yangu haigongi, taa mbili zinapokezana kuwaka na inagoma kuchapa. Jamaa anataka kuniuzia programu ya kurudisha hesabu sifuri.

Fundi Bisibisi

Hiyo ni hesabu ya wino mchafu, ule unaomwagwa kwenye sponji za chini, imefika kikomo. Programu itaiwasha, ila sponji zimelowa vilevile. Geuza printa utazame chini kama pana unyevu. Badilisha sponji, au toa ule mpira wa wino mchafu nje uuingize kwenye chupa, ndipo urudishe hesabu. Ukianza na programu peke yake, wino utaupokea mezani, na programu hizo nyingi zinakuja na virusi, usiifungue kwenye kompyuta yenye picha za wateja.

Mpigapicha wa Kihonda

Limebaki pengo moja, kwenye uso halionekani. Nimeshatoa pasipoti za leo. Hiyo chupa ya wino mchafu nami naitaka, mpira wake unatokea upande gani?

Fundi Bisibisi

Nyuma kulia, kwenye nyingi za rangi sita. Kuna kifuniko kidogo chenye skrubu moja. Chupa ikae chini ya usawa wa printa.